Je, wajua? Kwa nini mgonjwa wa saratani avalishwe miwani ya uhalisia pepe kabla ya mionzi

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Moshi au Arusha aliyeandikiwa tiba ya mionzi alipanda basi hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hata baada ya KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kufungua kituo chake cha saratani mwaka 2016. Alisafiri akiwa na barua ya rufaa mkononi na hofu ya mashine asiyowahi kuiona.

Hofu hiyo ina sababu. Mwenye saratani ya kichwa au shingo hutengenezewa barakoa: plastiki yenye matundu hulainishwa kwenye maji ya moto, hutandazwa usoni ingali vuguvugu, hufinyangwa ifuate pua na kidevu, kisha huachwa ikakamae. Kila siku ya tiba hufungwa nayo kitandani, kwa sababu mionzi hulengwa kwa milimita. Halafu wahudumu wote hutoka na mlango mzito hufungwa. Asiyeelezwa hudhani ametelekezwa, kumbe wanamtazama kwa kamera na kumsikia. Mionzi yenyewe haiumi inapopita, na akirudi nyumbani anaweza kumpakata mjukuu, kwani mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini.

Ndipo miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomfanya mvaaji aone kama yuko mahali pengine, inaposaidia. Mgonjwa huivaa, akakiona chumba chote, mashine ikimzunguka na mlango ukifungwa, bila kupigwa mionzi yoyote. Huko Hull, Uingereza, mfumo uitwao VERT ulibuniwa kufundishia wanafunzi, baadaye ukatumika kuwaelimisha wagonjwa pia. Nguvu yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kuonyesha ndani ya mwili. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi huambiwa anywe maji na asikojoe. Akiona jinsi kibofu kilichojaa kinavyousukuma utumbo kando ya njia ya mionzi, agizo hilo halimkeri tena.

Tafiti kadhaa zimeonyesha wasiwasi ukipungua, ingawa wapo wanaopata kizunguzungu, na nesi wa kujibu maswali bado anahitajika sana.

Tena si lazima vifaa viwe vya gharama kubwa. Ipo miwani inayotumia simu janja tu. Video ya nyuzi 360 ikirekodiwa ndani ya chumba chenyewe, kwa Kiswahili, bibi wa Rombo ataitazama hapa Moshi siku anayoandikiwa mionzi, na kuuliza yanayomtatiza kabla tiba haijaanza.