“Madam, Kitabu Hiki Kinatahiniwa?”

Jumamosi iliyopita nilipanga nakala za riwaya yetu, ile tunayoisoma kwa pamoja mjini hapa, kwenye meza iliyo karibu na mlango wa maktaba, nikaweka na kibao cha kuwakaribisha watu wachukue wasome. Akaingia baba mmoja, shati limenyooka kwa pasi, akainua nakala moja, akaipindua nyuma na mbele, kisha akaniuliza, “Madam, kitabu hiki kinatahiniwa?” Nikamwambia la. Akakirudisha mezani polepole, kama mtu aliyegundua kwamba samaki aliyemshika ni wa juzi.

Swali hilo nimelisikia hadi masikio yameota sugu. Nalisikia kwa wazazi, kwa walimu, kwa vijana waliomaliza shule miaka kumi iliyopita. Leo nalijibu kwa urefu, na nikipandisha sauti mnivumilie.

Kwanza mpango wenyewe. Watu wa mji mmoja wanasoma riwaya moja kwa kipindi kimoja, kisha wanakutana kuizungumza. Wakutubi wa Seattle, Marekani, wakiongozwa na Nancy Pearl, walilianza jambo hili mwaka 1998. Chicago walifuata 2001 na To Kill a Mockingbird ya Harper Lee. Sisi hapa Kisumu hatukuwa na haja ya kwenda mbali. Tulichukua The Promised Land ya Grace Ogot, iliyotoka 1966, kisa cha Ochola na mkewe Nyapol wanaohama Seme, hapo tu jirani, kwenda Tanganyika kutafuta ardhi na utajiri. Nusu ya watu wanaoingia maktabani mwetu wana shangazi au binamu upande ule wa Musoma na Tarime. Ungedhani watakigombania.

Badala yake wananiuliza kama kinatahiniwa. Nikisema hakitahiniwi, swali la pili ni hili: “Basi una mwongozo wake?”

Sina ugomvi na miongozo. Mtoto wa Kidato cha Nne anayekabiliwa na Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, ana alama 80 mbele yake na saa mbili na nusu za kuzitafuta, na rafu ya miongozo ninamwonyesha mwenyewe. Lakini wewe mwenye miaka arobaini na tano, mwenye duka lako Kibuye na watoto wawili chuoni, mwongozo wa nini? Nani atakusahihishia?

Dhana yenyewe ni kwamba riwaya ni mali ya mtihani. Kwamba ndani yake kuna maudhui sita, wahusika wanane na mbinu za uandishi, na msomaji akishazitaja amemaliza kazi. Ubaya wake nauona kwenye vikao vyetu. Katika kikao cha kwanza kijana mmoja alisimama, akakohoa, akatuorodheshea: ndoa, uhamiaji, tamaa, wivu, uchawi, ukoloni. Akaketi. Chumba kizima kikatulia kama darasa ambalo mwalimu amesema, “Ni swali gani lililobaki?” Hakuna aliyekuwa na la kuongeza, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli na hakuna kilichokuwa chake. Mwingine akajaribu kuokoa jahazi kwa kusoma sentensi moja na kutuuliza muktadha wake. Nilimtazama nikadhani sasa atatutajia na alama nne.

Kilichotuokoa ni mama mmoja anayeuza samaki Dunga. Alikuwa amefika mlango wa pili tu wa kitabu. Akauliza, bila kusimama, “Huyu Nyapol ni bi harusi wa juzi. Kuna mtu aliyemwuliza kama anataka kuhama?”

Basi. Kikao kikawaka. Mwanamume mmoja akasema mume akishaamua ameamua, na akajibiwa na wanawake watatu kwa pamoja. Msichana mmoja akasema dada yake alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na kwamba nyumbani kwao walijadili pasipoti, wakajadili wakala, wakajadili nauli, ila yeye mwenyewe hakuulizwa kama anataka. Mwalimu mstaafu akatukumbusha kwamba Nyapol hakunyamaza, kwamba alipinga safari ile, akatufungulia ukurasa wenyewe. Tulipotazama saa, mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na funguo.

Hiyo ndiyo tofauti, na naomba ikae vichwani. Kwenye mtihani swali linatoka kwa mtu mwingine, na jibu lake limeshaandikwa mahali. Kwenye kikao chetu swali linatoka kwako, na huenda jibu lisipatikane siku hiyo. Mama wa Dunga hakutaja maudhui hata moja. Alisoma kama anavyomsikiliza jirani akisimulia masaibu yake, akashangaa pale ambapo mtu yeyote mwenye akili angeshangaa.

Chukua lile jambo la ugonjwa. Ochola anafanikiwa ugenini, jirani mganga anamwonea wivu, na Ochola anapatwa na maradhi ya ngozi yasiyoeleweka, mwili ukiota vitu kama miiba. Hospitali inashindwa. Anayemponya ni mganga mwingine. Kila kikao kuna anayeniuliza, “Mwandishi anaunga mkono upande gani, Madam? Hospitali au waganga?” Anataka nimpe herufi A au B. Ninachoweza kumpa ni hiki: Grace Ogot alisomea uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza, na alijua wodi vizuri kuliko sisi sote, lakini aliandika riwaya ambamo daktari anashindwa. Hakuweka alama ya kosa wala ya sahihi pembeni. Tuna muuguzi kikaoni aliyekikasirikia kitabu kwa wiki mbili nzima kwa sababu ya sura hizo, na hasira yake imetufundisha kusoma kuliko mwongozo wowote ningeweza kuwapigia kopi. Mimi binafsi naona ugonjwa wenyewe ni ardhi: mgeni amestawi palipo na mwenyeji ambaye hakustawi, na kijiji hakijui kulisema hilo kwa njia nyingine. Mzee mmoja wa Kondele anasema nimepotoka kabisa. Ameahidi kuja na hoja zake.

Ushauri wangu, nautoa hata nisipoombwa: kila ukiketi kusoma, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Jikoni, kitandani, popote. Watoto watakucheka siku ya kwanza, siku ya tatu watakuuliza ilikuwaje. Kisha andika swali moja kwenye kikaratasi, hata risiti ya dukani, na hicho kikaratasi ndicho kiwe alama yako ya ukurasa. Usikunje pembe. Nikimwona mtu anakunja pembe ya kitabu cha maktaba damu yangu inachemka, na daktari wangu amenikataza hilo.

Visingizio vingine havinichukui muda.

“Nitakuja nikimaliza.” Hutakuja. Wanaosema hivyo nawafahamu, huwa wanakutana nami sokoni wakaangalia pembeni. Nusu ya kikao huwa haijafika katikati ya kitabu. Na anayeogopa kuharibiwa mwisho, ajue kwamba wanarudi nyumbani na mali wanaiacha huko. Kitabu kina miaka karibu sitini, hiyo si siri tena. Jinsi wanavyofika hapo ndiyo hadithi.

“Kiingereza changu ni cha kuombea maji.” Leta hayo hayo maji. Tunazungumza Kiswahili, Dholuo, na Kiingereza mtu akikasirika. Kuna wazee wasioona vizuri, tunawasomea na wao wanatufafanulia, na huko ndiko kusoma, atakayebisha aje nimwonyeshe. Mwandishi mwenyewe hakuifanya lugha kuwa lango lenye bawabu: mwaka 1983 alitoa Miaha kwa Dholuo, na ikambidi Okoth Okombo aitafsiri ili wasomaji wa Kiingereza nao wapate The Strange Bride.

“Hicho ni kitabu cha Wajaluo.” Msomaji wetu hodari kuliko wote anatoka Vihiga, kwa Waluhya. Nimemaliza.

“Ni kitabu cha zamani, si tukipige fotokopi tu?” Au, kwa vijana, “Tuma PDF kwenye grupu.” Hapa nasimama kidogo kwa sababu hata watu wazima wenye vyeo huniuliza bila haya. Umri wa kitabu hauhesabiwi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inahesabu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Grace Ogot alifariki Machi 2015. Piga hesabu: kitabu hiki kina mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2065, na mimi nitakuwa nimekwisha kustaafu na pengine kuzikwa. Nakala zikiwa chache mnaazimana, wiki moja moja. Majirani wawili wa Nyalenda wanasoma nakala moja kwa zamu, mmoja asubuhi mwingine usiku, na ndio wanaokuja kikaoni wakiwa wamegombana tayari.

Kikao kijacho ni Jumamosi saa nane mchana, chumba kile kile cha juu. Tutaanza na mzee wa Kondele. Nakala tatu hazijarudi, moja ina jalada lililochanika na doa la chai ukurasa wa kwanza. Aliye nayo aje nayo tu, hatumtozi kitu. Doa ni langu.