Doti ya Nyota: vazi la kichawi la watu wawili

Mimi ndiye mwendesha mchezo wa kundi letu hapa Ngamiani, Tanga, na kutunga vifaa vya kichawi kunanipa raha kuliko kuwapiganisha watu na majoka. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa na kuamua mambo kwa dadu, toleo la tano lililotoka 2014. Kitabu chake kina majoho na pete za kukuongezea moja kwenye kinga, ile namba adui anayotakiwa kuifikia kwa dadu ili akupate. Ni vizuri, lakini moja kwenye dadu ya pande ishirini ni asilimia tano tu, na haichukui muda mchezaji kashasahau kama amelivaa. Mimi nataka vazi la kuzua maneno mezani.

Doti ya Nyota ni kanga. Mji wake buluu iliyoiva, nyota moja katikati, pindo jeusi, na jina: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Niliificha ndani ya mapango niliyoyachora kwa kuyafuata ya Amboni, chokaa na popo na vichochoro vya kutambaa, tena nikaiweka ikiwa haijakatwa, kama inavyotoka dukani. Ikiwa nzima haina nguvu yoyote, ila mfanyabiashara yeyote atainunua kwa bei nono. Ikishakatwa na kupindwa, uchawi unaamka na mnunuzi hamumpati tena. Kundi langu lilibishana hapo mpaka chai ikapoa.

Kila kipande kinavaliwa na mtu wake, na kila mmoja lazima afungamane nacho, yaani ajiunganishe na uchawi wake, katika mapumziko mafupi ya saa moja. Hapa ndipo bei yake ilipo. Kwa kanuni za toleo hili, mtu hafungamani na zaidi ya vifaa vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo doti moja inakula nafasi mbili za kundi.

Faida yake: unapotakiwa kurusha dadu ya kujinusuru na uchawi, sumu au hatari nyingine, na mwenzio yupo ndani ya futi 30, unaweza kutumia nyongeza yake, ile namba anayojumlisha kwenye dadu, badala ya yako. Kila darasa la wahusika lina ustadi wa kujinusuru kwa sifa mbili tu kati ya sita. Mpiganaji ana nguvu na ustahimilivu. Mchawi ana akili na busara. Tuseme wako ngazi ya tisa, ustadi unaongeza nne. Mpiganaji ambaye busara yake haimwongezei kitu, akikabili uchawi wa kumteka akili wenye ugumu wa 15, yaani jumla anayotakiwa kuifikia, anaponea kwa asilimia 30. Akiazima nyongeza ya mchawi, tuseme tano, anafika asilimia 55. Mchawi naye ataazima ustahimilivu siku ya sumu.

Lakini jina la kanga halikuandikwa bure. Aliyeazimwa nyota, mpaka mwisho wa zamu yake inayofuata, kila anaporusha dadu ya pande ishirini anarusha mbili na kuchukua iliyo ndogo. Wala haombwi ruhusa. Hili nimelikusudia, na ndilo linalofanya watu wachague mwenzi kwa makini badala ya kumpa tu aliye karibu. Doti ina chaji tatu za pamoja za kuazimia, na kila alfajiri zinarudi kwa dadu ya pande tatu. Mmoja akifa, kipande cha aliyebaki ni kitambaa tu mpaka apatikane mvaaji mwingine wa kile cha pili.

Kuna aliyeniuliza shujaa mwanamume atavaaje kanga. Kaka, nyumbani unalala umejifunga nini? Ifunge kiunoni, kichwani, popote. Ukijitanda mabegani tu ndipo nahesabu kuwa umeshavaa joho, na la pili huwezi kuongeza juu yake.

Naiweka daraja la vifaa adimu, na siitoi kabla ya ngazi ya tano. Kundi lako likiwa na wachezaji wawili tu, punguza chaji ziwe mbili, maana hao hawana hata wa kugombania naye kipande.