SSPE: surua inapobaki ubongoni

Surua tunaijua kwa homa, kikohozi, macho mekundu na vipele vinavyoanzia usoni na kushuka mwilini. Vipele vikiisha, mtoto anarudi kucheza na watu wanasema imepita. Lakini kwa watoto wachache virusi haviishi. Hujificha ndani ya seli za ubongo, vikiwa vimebadilika kiasi kwamba kinga ya mwili haivimalizi, vikahama polepole kutoka seli moja hadi nyingine. Huo ndio ugonjwa ambao madaktari huuita SSPE.

Usichanganywe na ugonjwa wa kuvimba ubongo unaomkuta mtoto angali na surua au siku chache baadaye. Huo humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaougua, na huja kwa kishindo: degedege, kupoteza fahamu. SSPE husubiri, mara nyingi miaka 6 hadi 10.

Dalili za mwanzo huonekana shuleni. Mtoto aliyekuwa anafanya vizuri anaanza kusahau, mwandiko unaharibika, anakuwa mkali bila sababu. Anaambiwa ni mvivu, pengine anachapwa, na hilo linaniuma kuliko yote. Kisha inakuja mishtuko: kichwa kinainama ghafla, mkono unaruka, kikombe kinamponyoka, sekunde chache, tena. Hapo wazazi wengi huhangaika kwa waganga, na siwalaumu, maana nani ataunganisha hayo na surua ya utotoni? Hospitali hupima umeme wa ubongo na kutafuta kingamwili za surua kwenye maji ya uti wa mgongo. Dawa hupunguza mishtuko, na kwa baadhi ya watoto huchelewesha ugonjwa, ila haziuponyi. Wengi hufariki ndani ya miaka 1 hadi 3.

Aliyeugua surua kabla ya kutimiza miaka 2 ndiye aliye hatarini zaidi. Wapo wanaohofia kwamba chanjo yenyewe huleta SSPE. Sivyo: virusi vilivyokutwa kwenye ubongo wa wagonjwa ni vya surua ya kuambukizwa, si vya chanjo. Tanzania na Kenya hutoa dozi ya kwanza mtoto akiwa na miezi 9, ya pili miezi 18. Wa miezi 7 hajafikia zamu yake, kwa hiyo usalama wake unategemea kama kaka, dada na watoto wa jirani wamemaliza dozi zao.