Maikrofoni haitenganishi ndege na watu

Natayarisha vipindi vya redio ya umma, ile inayohudumia eneo moja. Vituo vingi vya namna hii hugawa kazi mafungu matatu: mazingira, utamaduni na habari za jamii, kila fungu na mtayarishaji wake na saa yake hewani. Mgawanyo huo unarahisisha ratiba, lakini unaikatakata habari kabla haijasikika.

Chukua msusi wa vikapu. Mtu wa kipindi cha utamaduni atamuuliza alifundishwa na nani. Mimi huanza na matete: huyakata wapi, na mwezi gani? Mama mmoja niliyemrekodi alichukua tete, akalipasua kwa ukucha, akasema, "Haya ni ya kununua, mwanangu. Yetu yalikwenda na kinamasi." Papo hapo kikapu kikawa habari ya maji, ya ardhi, na ya vijana ambao hawaoni tena sababu ya kujifunza kusuka. Mlio wa tete likipasuka niliurusha peke yake, bila neno juu yake.

Jambo hili redio imelijua zamani. Mei 1924 BBC ilitangaza moja kwa moja kutoka bustani ya mpiga cello (fidla kubwa) Beatrice Harrison huko Oxted, Uingereza, yeye akipiga na nightingale, ndege mdogo aimbaye usiku, akiimba. Matangazo hayo yakawa yanarudi kila mwaka. Mei 1942 maikrofoni zikiwa tayari bustanini, ngurumo za ndege za kivita za Uingereza zilizokuwa zikielekea Ujerumani zikaanza kuingia. Fundi akakata matangazo ili adui asipate fununu, lakini santuri ikaendelea kurekodi. Katika rekodi hiyo ngurumo inapanda taratibu na yule kiumbe mdogo haachi kuimba. Kwangu mimi ni miongoni mwa ripoti kali kabisa za vita, na aliyeirekodi alikuwa amekwenda kutafuta ndege.

Sasa la ufundi, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Simu ya kawaida hupitisha takriban hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 300 hadi 3,400. Maneno yanaeleweka, ila milio mingi ya wadudu na ndege wadogo iko juu ya hapo, kwa hiyo mahojiano ya simu kutoka msituni yanafika bila msitu. Redio ya FM hubeba sauti hadi kilohezi 15, yaani hezi 15,000. Basi nenda mwenyewe, ufike kabla ya alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Vaa hedifoni, ivishe maikrofoni manyoya ya kuzuia upepo, iweke kama shubiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji. Umbali huo ukiuongeza mara mbili, sauti yake hushuka desibeli 6 hivi, na sauti za mazingira hubaki karibu zilivyokuwa. Kwa mkono wako tu unaamua msikilizaji apate mtu kiasi gani na mahali kiasi gani. Mazungumzo yakiisha, usizime: omba watu wanyamaze, urekodi dakika mbili za mahali penyewe. Bila hizo mhariri hana cha kufunikia mahali vipande vya sauti vilipounganishwa.

Yapo ya kutorusha. Kiota cha ndege adimu hakitajwi kilipo. Wimbo wa ibada una wenyewe, na ruhusa huombwa kabla ya kurekodi. Wala usimpigie ndege sauti ya mwenzake ili aimbe, hasa msimu wa kutaga. Ataacha kiota kumfukuza mpinzani asiyekuwepo.

Kila faili naliandikia tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na jina la msemaji kama alivyojitaja, na rekodi ghafi haifutwi kipindi kikishatoka. Watafiti wa viumbe huja kuziomba, na wajukuu wa waliohojiwa pia, na mara nyingi wanachokitafuta ni kile nilichokikata: vyura waliolia nyuma ya hotuba, au bibi akimwita mtu ndani ya nyumba.