Maswali na Majibu: Kushiriki Utafiti wa Lishe kwa Mwanamke Mwenye PCOS

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana PCOS, tatizo la homoni linaloathiri ovari, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajagunduliwa. Majibu haya ni kwa ajili ya mwanamke wa Mwanza, Sengerema, Magu au Ukerewe ambaye amealikwa kushiriki utafiti wa lishe kuhusu tatizo hilo, au anafikiria kuomba nafasi, na anataka kuelewa kabla ya kutia saini.

PCOS inahusianaje na chakula?

PCOS ni mvurugiko wa homoni. Kwa mwanamke mtu mzima, daktari huithibitisha akiona angalau dalili mbili kati ya tatu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaozisababisha: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, ambazo huweza kujionyesha kwa ndevu au chunusi sugu, na ovari zenye vifuko vingi vidogo vinavyoonekana kwa ultrasaundi. Vifuko hivyo si saratani, bali vina mayai ambayo hayajapevuka. Kwa wanawake wengi wenye PCOS mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu, hivyo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na wingi huo huichochea ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Hapo ndipo chakula kinapoingia, kwa kuwa aina na kiasi cha wanga tunachokula hubadili kiwango cha insulini katika damu. Hata hivyo, hakuna mwanamke aliyejiletea PCOS kwa kula vibaya, na asikubali kuambiwa hivyo.

Kama chakula kinasaidia, kwa nini ufanyike utafiti tena?

Kwa sababu bado haijathibitishwa ni mlo upi unaosaidia zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unapendekeza ulaji bora, lakini unaeleza kwamba hakuna aina moja ya mlo iliyoonekana kuzishinda nyingine. Aidha, sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanyika nje ya Afrika, kwa watu wasiokula ugali wa muhogo, michembe, dagaa wala sato. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu yenye uzito zaidi ya kushiriki, kwani ushauri unaotolewa kliniki utamfaa mama wa Nansio, Ukerewe, pale tu utakapokuwa umepimwa kwa chakula anachokipata sokoni kwake.

Je, nitachagua kundi la mlo ninalolitaka?

Hapana. Washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu ili makundi yafanane, na kundi moja hupewa ushauri wa kawaida tu. Mkoa wa Mwanza unaufahamu utaratibu huu: kati ya 1991 na 1994 jamii 12 zilishiriki utafiti ambapo vituo vya afya vya jamii sita viliboreshewa matibabu ya magonjwa ya ngono, huku nyingine sita zikiwa za kulinganisha. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40 katika zile za kwanza, na tofauti hiyo isingejulikana bila zile za pili. Ukiona huwezi kuvumilia kupangwa katika kundi la ulinganisho, ni afadhali useme mapema kuliko kuanza kisha ukafuata mlo wa kundi jingine kwa siri.

Nitatakiwa kufanya nini nyumbani?

Kazi kubwa, na mara nyingi ngumu kuliko kutolewa damu, ni kueleza ulichokula. Utaulizwa au utaandika kila kitu, pamoja na sukari ya chai, maandazi ya asubuhi, soda ya msibani na mafuta yaliyokaangia samaki. Tatizo ni kwamba familia nyingi hapa hula katika sinia moja, na anayepika ndiye anayeonja. Mwombe mtafiti akufundishe kukadiria matonge yako au akuruhusu kupakua sahani ya peke yako, na umweleze wazi nani anayeamua kinachopikwa nyumbani, kwa maana mlo unaohitaji kupikiwa chungu cha pili hautadumu katika nyumba ambayo hata mkaa hupimwa. Siku uliyokwenda kinyume na maelekezo, iandike kama ilivyokuwa. Hakuna atakayekuadhibu, ila taarifa iliyopambwa huharibu matokeo ambayo wanawake wengine watayategemea.

Natumia metfomini, dawa ya kusaidia mwili uitikie insulini. Je, niiache?

Usiache wala kuanza dawa yoyote, zikiwemo za mitishamba, kabla ya kuzungumza na daktari wako na daktari wa utafiti.

Natafuta mtoto. Je, ninaweza kushiriki?

Inategemea masharti ya utafiti husika, kwa hiyo liulize swali hili mwanzoni kabisa. Kwa baadhi ya wanawake wenye uzito mkubwa, kupungua hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito huweza kurudisha upevukaji wa mayai. Hivyo asiyetaka ujauzito asijiamini kwa kuwa hedhi zake ni za nadra, na anayeutaka ajue kama akishika mimba atabaki katika utafiti au ataondolewa, na nani atamhudumia.

Nani analinda haki zangu?

Utafiti wa afya nchini lazima uwe na kibali cha maadili. Kamati ya kitaifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo chake Mwanza. Omba kuonyeshwa kibali. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa, na asiyejua kusoma awe na shahidi kabla ya kuweka dole gumba. Unaweza kushauriana na mume au mama mkwe, lakini ridhaa ni yako. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma yako ya kawaida. Uliza pia nani atalipa nauli ya kivuko, sampuli za damu zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama zitapelekwa nje ya nchi.

Je, utafiti utakuwa ndiyo matibabu yangu?

La, na usiache kliniki kwa kuutegemea. Ukikaa zaidi ya siku 90 bila hedhi, na huna mimba wala hutumii uzazi wa mpango unaosimamisha hedhi, muone daktari hata kama miadi ya utafiti bado iko mbali, kwa sababu ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaoendelea kunenepa bila kutoka huongeza hatari ya saratani, na kuna dawa za kuuzuia.