Kubadili fani wakati grini kadi ya kazi bado haijatoka

Mtu aliyeombewa grini kadi na mwajiri wake huko Marekani hupewa ushauri mmoja na karibu kila anayemuuliza: usiguse kitu. Usihame kazi, usibadili cheo, usirudi shule, mpaka kadi iingie mkononi. Wanaosema hivyo wana nia njema, na zipo nyakati ambapo wanasema kweli. Lakini kwenye dawati letu la msaada wa kisheria tunawapokea watu waliovumilia mshahara duni na zamu za usiku kwa miaka wakiamini kwamba sheria imewafunga, kumbe walishaweza kuondoka zamani. Tunawapokea pia wale wa upande wa pili, kama muuguzi aliyeacha wodi akaingia kwenye kazi ya kompyuta kwa kuwa kibali chake cha kazi kinamruhusu kufanya kazi yoyote, kisha ikamfikia barua ya idara ya uhamiaji ikimtaka athibitishe ajira ambayo hana tena. Wote wawili wanahitaji maelezo yale yale.

Grini kadi ya kazi hutolewa kwa ajili ya kazi utakayoifanya baada ya kadi kutoka. Kazi unayoifanya leo ni sehemu tu ya ushahidi. Afisa anayeamua ombi lako anataka kujua kama ipo kazi ya kweli inayokusubiri, kama ni ya aina ile iliyoandikwa kwenye makaratasi yako, na kama unakusudia kuifanya. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata yataeleweka.

Safari yenyewe kwa kawaida ina hatua tatu. Mwajiri kwanza huithibitishia Wizara ya Kazi kwamba alitangaza nafasi na hakumpata mfanyakazi wa Marekani anayefaa. Wauguzi waliosajiliwa na wataalamu wa tiba ya viungo wamesamehewa hatua hii. Kisha mwajiri hupeleka fomu I-140 ya kumwombea mfanyakazi kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji. Mwisho, mfanyakazi aliyeko ndani ya Marekani hupeleka fomu I-485 ya kubadili hadhi yake awe mkazi wa kudumu, na aliyeko nje hupitia ubalozi. Katikati kuna foleni. Sheria imetenga viza zipatazo 140,000 kwa mwaka kwa kundi lote la kazi, wenzi na watoto wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Nafasi yako kwenye foleni hushikiliwa na tarehe ya kipaumbele, ambayo ni siku Wizara ya Kazi ilipopokea maombi ya mwajiri, au kwa muuguzi, siku I-140 ilipopokelewa. Wakenya, Watanzania na Wakongo hawana foleni ndefu ya nchi yao kama ile ya Wahindi na Wachina, lakini foleni ya jumla nayo hukwama, hasa kwenye daraja la tatu la viza hizo za kazi, ambako wauguzi wengi wamo.

Tarehe 17 Oktoba 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayojulikana kwa kifupi kama AC21. Inasema hivi: I-485 ikikaa siku 180 au zaidi bila kuamuliwa, mwombaji anaweza kwenda kwa mwajiri mwingine, au kushika kazi nyingine kwa mwajiri yule yule, na ombi lake likaendelea, mradi kazi mpya iwe ya aina ile ile au inayofanana nayo. Siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe ya kupokelewa iliyoandikwa kwenye I-797, yaani risiti ambayo USCIS hukutumia, wala si siku ulipotuma bahasha. Mwajiri mpya hujaza Nyongeza J ya fomu I-485, ya kuthibitisha kazi anayokupa, isiyo na ada. Hata biashara yako mwenyewe inaweza kuwa huyo mwajiri mpya, ukionyesha kwamba ipo kweli na inafanya kazi.

Wengi huogopa kwamba bosi wa zamani atakasirika na kuiondoa I-140. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017 ziliweka wazi kwamba I-140 iliyoidhinishwa haifi kwa sababu tu mwajiri ameiondoa, ikiwa zimepita siku 180 tangu iidhinishwe, au ikiwa I-485 nayo imeshakaa siku 180. Kabla siku hizo 180 hazijatimia, hasira ya bosi ina meno, na hapo ndipo ushauri wa kutogusa kitu unapostahili kusikilizwa.

Sasa, kazi "inayofanana" ni ipi? Hapa ndipo maombi mengi hushinda au hushindwa. Kipimo si jina la cheo. Serikali ya Marekani ina orodha rasmi ya kazi zote, kila moja na namba yake ya tarakimu sita. Muuguzi aliyesajiliwa ni 29-1141, mhasibu ni 13-2011, mtengeneza programu za kompyuta ni 15-1252. Tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha kundi kubwa, na kila inayofuata inazidi kubana. Kazi mbili zikikaribiana kwa namba, afisa huanza na dhana nzuri. Lakini mwongozo uliotolewa na USCIS Machi 2016 unamtaka aangalie mambo yote kwa pamoja: majukumu, ujuzi, elimu inayotakiwa, leseni, hata mshahara. Mshahara kupanda si kosa, kwa kuwa watu wanatarajiwa kupanda.

Ndiyo maana kupanda ngazi ndani ya fani mara nyingi hukubalika hata namba ikibadilika sana. Mhasibu akiwa meneja wa fedha anatoka 13-2011 na kwenda 11-3031, kundi tofauti kabisa, lakini ikiwa kazi yake kubwa ni kuwasimamia wanaofanya uhasibu alioufanya jana, hoja yake ina nguvu. Muuguzi anayekuwa msimamizi wa wodi yuko vivyo hivyo.

Kesi ngumu ni zile za katikati, na ndizo zinazotuchukulia muda mwingi. Chukua muuguzi anayetaka kuhamia kwenye mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa. Orodha ya serikali inaiweka kazi hiyo upande wa kompyuta. Ukisimama kwenye namba peke yake, amepotea. Lakini ikiwa hospitali inataka mtu mwenye leseni ya uuguzi, anayekaa na wauguzi kuwafundisha mfumo, anayekagua kama dozi na vipimo vilivyoingizwa vina mantiki ya kitabibu, basi uuguzi bado ndio mhimili wa kazi hiyo, na hoja inaweza kujengwa. Kama tangazo la kazi linataka shahada ya kompyuta tu na halitaji mgonjwa hata mara moja, hoja hiyo haipo. Mtu wa namna hii namshauri asikubali barua ya ajira ya maneno ya jumla kutoka ofisi ya rasilimali watu. Aombe barua inayotaja kila jukumu na sehemu ya wiki inayotumika kwa jukumu hilo, kisha mwanasheria ailinganishe na makaratasi ya awali kabla mtu hajaandika barua ya kuacha kazi.

Wapo pia wanaofikiria kufungua nyumba ya kutunzia wazee, wazo linalozungumzwa sana miongoni mwa ndugu zetu wa Minnesota na jimbo la Washington. Muuguzi anayeongoza huduma ya wagonjwa ndani ya nyumba hiyo ana la kusema mbele ya afisa. Aliyebaki mwenye jengo na mkusanyaji wa mapato tu hana. Na anayeacha uuguzi aendeshe lori au auze nyumba ametoka nje ya fani, hata kama kipato kimekua mara mbili.

Kibali cha kazi kinachotolewa kwa mwenye I-485 ndicho kinachowachanganya watu zaidi. Kibali hicho hakina fani. Unaweza kufanya kazi ya pili Jumamosi, unaweza kusoma sayansi ya data usiku, na hakuna anayevunja sheria kwa kujifunza. Hata kufanya kazi tofauti kwa muda hakuui ombi papo hapo, ikiwa ajira ya mwanzo, au inayofanana nayo, bado imewekwa wazi kwa ajili yako na utaishika kadi ikitoka. Tatizo ni kwamba kadiri unavyokaa mbali na fani ndivyo inavyokuwa vigumu kumfanya afisa aamini kwamba utarudi. Kuna jingine kwa walio na H-1B, viza ya muda ya wafanyakazi wenye utaalamu: ukianza kufanya kazi kwa kibali hicho kwa mwajiri mwingine, umeiacha hadhi ya H-1B. I-485 ikikataliwa baadaye, huna pa kusimama. Mwenye familia alifikirie hilo kwa makini sana.

Kama moyo wako umeshaamua kutoka kabisa kwenye fani, njia ipo, ila ni ndefu. Mwajiri wa fani mpya huanza hatua zote upya kwa jina lako. Kinachookolewa ni tarehe ya kipaumbele ya I-140 ya kwanza iliyoidhinishwa, isipokuwa kama ilifutwa kwa udanganyifu, kwa upotoshaji wa makusudi, kwa kubatilishwa uthibitisho wa Wizara ya Kazi au kwa kosa kubwa la uamuzi. Mtu aliyesubiri miaka 4 harudi mkiani mwa foleni. Na kama I-485 ya zamani bado haijaamuliwa na viza ipo, inawezekana kuomba ihamishiwe kwenye I-140 mpya.

Mwenzi wa mwombaji mkuu, kwa upande wake, hafungwi na fani yoyote. Akishapata kibali anaweza kuwa mwalimu leo na fundi umeme mwakani. Nimewaona wanandoa ambao mume na mke wote walijinyima kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba sharti lilimhusu mmoja tu. Inauma, kwa sababu miaka hiyo hairudi.

Kwa anayesubiri mahojiano ya viza ubalozini Nairobi, hali ni tofauti, na mawakala wa ajira wengi hawasemi. Ruhusa ya siku 180 inamhusu tu mwenye I-485 ndani ya Marekani. Muuguzi aliyeko Eldoret au Mombasa ambaye hospitali iliyomwombea imejitoa anahitaji I-140 mpya kutoka kwa mwajiri mwingine. Tarehe yake ya kipaumbele ndiyo anayobaki nayo, kama I-140 ya kwanza iliidhinishwa.

Kadi ikishatoka, hakuna kifungu kinachotaja idadi ya miezi ya kukaa kwa mwajiri. Ile miezi sita inayotajwa kila mahali haimo kwenye sheria. Kinachoangaliwa ni nia uliyokuwa nayo siku ya kuidhinishwa, na swali hilo linaweza kuibuka tena utakapoomba uraia. Aliyeacha kazi wiki ya pili kwa sababu kampuni ilifunga ana maelezo. Aliyekuwa ameshasaini mkataba wa kazi ya fani nyingine kabla ya kadi kutoka yuko hatarini, na ninawaonya watu waziwazi juu ya hilo.

Ushauri wa kesi yako uchukue kwa wakili mwenye leseni, au kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kutoka shirika linalotambuliwa. Mjazaji fomu wa mtaani haruhusiwi kukushauri kisheria, hata akiwa mtu wa kwenu.

Na kabla ya kuzungumza na mwajiri mpya, hakikisha una nakala ya I-140 na barua ya kuidhinishwa kwake, maelezo ya kazi yaliyopelekwa Wizara ya Kazi kama kesi yako ilipitia huko, risiti ya I-485, na hati zako za mshahara. Waajiri wengi huiona I-140 kuwa mali yao na hukataa kutoa nakala. Akikataa, unaweza kuomba faili lako moja kwa moja kwa USCIS kupitia intaneti, chini ya sheria ya uhuru wa taarifa. Liombe mapema, ungali kazini, maana jibu linaweza kuchukua wiki nyingi.