Ibara si kifungu, na "Marekebisho ya Tano" si yale ya kwenye sinema

Mjadala wa Katiba ukipamba moto redioni, maneno mawili hurushwa ovyo: kifungu na marekebisho. La pili ndilo linalokera zaidi, ila tuanze na la kwanza maana halichukui muda.

Katiba ina ibara. Sheria ya kawaida iliyotungwa na Bunge ina vifungu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina sura 10 na ibara zake zinaishia namba 152. Ibara hugawanyika katika ibara ndogo, ambazo namba zake ziko kwenye mabano, na ibara ndogo hugawanyika katika aya zenye herufi. Basi.

Anayeona huu ni ukorofi wa wanasheria aangalie kesi ya umri wa ndoa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyomruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi huku mvulana akisubiri 18, vinakiuka Katiba, ikiwamo ibara ya 13 inayohusu usawa mbele ya sheria. Mahakama ya Rufani ikauacha uamuzi huo usimame mwaka 2019. Sasa jaribu kuisimulia kesi hiyo huku kila kitu unakiita kifungu: "Kifungu cha 13 kinakiuka kifungu cha 13." Abiria mwenzako kwenye daladala atadhani umechanganyikiwa.

Kifungu ni mtoto wa fungu, lile lile la nyanya Kariakoo au la dagaa Feri: sehemu iliyotengwa kutoka kwenye rundo. Ibara ni neno la Kiarabu lenye maana ya kauli, usemi, na mzizi wake ni wa kuvuka, kana kwamba maneno ndiyo pantoni inayoivusha maana kutoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji. Katiba nayo ni ya ukoo mmoja na kitabu, katibu na mkataba; wote ni wa mzizi wa kuandika. Kioja ni kwamba Waarabu wenyewe katiba wanaiita dustur, neno walilolipata kwa Waajemi, nasi tulipolipokea likawa desturi, yaani yale ambayo hakuna aliyeyaandika popote.

Haya, marekebisho. Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea sinema mtaani, vimetufundisha kwamba mtuhumiwa akibanwa na polisi anataja "Marekebisho ya Tano" na kunyamaza. Kwa Marekani ni sawa kabisa. Katiba yao ina ibara 7, na kila marekebisho yanabandikwa nyuma yake yakiwa na namba yake, mpaka leo 27. Maneno ya zamani hayaguswi. Marekebisho ya 18 yalipiga marufuku pombe, ya 21 yakayafuta mwaka 1933, na yote mawili bado yamechapwa humo humo, yanatazamana.

Kwetu haiko hivyo. Marekebisho ni sheria inayopitishwa na Bunge, inaingia ndani ya Katiba, inakata, inashona, kisha yenyewe haionekani tena isipokuwa kwenye kumbukumbu iliyochapwa kando ya ibara. Marekebisho ya Tano ya hapa ni Sheria Na. 15 ya 1984, iliyotuletea haki za msingi kuanzia ibara ya 12. Ya Nane, Sheria Na. 4 ya 1992, ndiyo ya vyama vingi: ibara ya 3 ikaandikwa upya, na ibara ya 10 ikafutwa. Ukifungua kitabu leo utaikuta namba 10 imebaki, mbele yake taarifa ya kufutwa tu, kwa sababu namba hazisogezwi.

Ibara mpya nazo hazisukumi za zamani. Zinachomekwa kwa herufi kubwa. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Ibara ya 107A, inayosema mamlaka ya mwisho ya kutoa haki ni Mahakama, si aya ya (a) ya ibara ya 107. Ni ibara inayojitegemea, iliingia mwaka 2000, na ina ibara ndogo na aya zake yenyewe.

Sasa tazama hasara ya kutaja marekebisho badala ya ibara. Ibara ya 18, ya uhuru wa maoni, ilikuja na Marekebisho ya Tano, lakini Marekebisho ya 14 ya mwaka 2005 yaliiandika upya. Anayejitetea kwa maneno ya 1984 anajifunika shuka lililokwishachanika.

Kuna pia wanaobishana kwamba "haya ni marekebisho, si mabadiliko". Ibara ya 98 imeshaumaliza ubishi huo. Neno lake ni kubadilisha, na ibara ndogo ya (2) inasema humo mna kurekebisha, kusahihisha, na hata kufuta na kuweka mengine. Kinachotofautiana ni hesabu ya kura, kulingana na jambo linaloguswa. Kwa kawaida inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria: Bunge likiwa na wabunge 360, zinahitajika kura 240, hata kama ukumbini wameketi 250. Yakiguswa mambo ya Orodha ya Pili katika Nyongeza ya Pili, kama kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano au idadi ya wabunge kutoka Zanzibar, theluthi mbili inahesabiwa Bara peke yake na Zanzibar peke yake. Kura ya maoni haimo kwenye ibara hiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kijiweni unayetaka usihukumiwe kabla ya kuthibitishwa kosa lako, liache hilo la Tano. Sema: ibara ya 13, ibara ndogo ya (6), aya ya (b).